Umezima

Mjane alifungua kufuli, akausukuma mlango, akabaki nje.

"Ingieni nyie," alisema. "Mimi miguu haiendi."

Inspekta aliingia kwanza. Nyuma yake alikuja Sajini na jalada kwapani, kisha Fundi Mita, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, viatu vya soli nene ya mpira, begi la vifaa begani. Jina la Mita alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya kipimo cha umeme alichokining'iniza shingoni saa zote kama mkufu. Marehemu alijifunza kazi kwake.

Duka lilikuwa vyumba viwili vilivyotengwa na pazia. Cha mbele kilikuwa cha fundi cherehani, kaka mtu. Mtaa mzima ulimwita Chapchap kwa kuwa alikushonea suruali ukiwa umekaa unasubiri. Cha nyuma kilikuwa cha fundi kompyuta, mdogo mtu, aliyeitwa Polepole. Ukimpelekea mashine Jumatatu, ukirudi Jumatano unamkuta bado anafuta vumbi. Lakini ikitoka pale imepona.

Polepole alikufa juzi, Jumanne jioni, kwa kupigwa na umeme chumbani kwake. Chapchap alikuwa mahabusu tangu siku hiyo. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la kumuua mdogo wake, na hakuwa amesema hata neno moja la kujitetea.

"Nisomee tena alichosema," Inspekta alisema.

Sajini alifungua jalada. "'Mdogo wangu aliuliza kutoka nyuma: Umezima? Nikajibu: Umezima. Baada ya muda nikainua swichi kubwa. Kisha nikasikia kishindo.' Sahihi yake hii hapa. Sikumgusa hata ukucha, afande. Kasema mwenyewe."

Lile umezima la pili, la jibu, Sajini alikuwa amelipigia mistari miwili ya wino mwekundu.

"Na wewe unasoma nini hapo?"

"Iko wazi. Marehemu anataka kushika nyaya. Anamwomba kaka yake azime swichi kubwa, anauliza umezima? Kaka anamhakikishia. Mwenzake akishaingiza mkono, anainua. Kama anachinja kuku."

"Labda umeme ulikatika tu."

"Nilipiga simu shirika la umeme. Jumanne mtaa huu haukukatika hata dakika. Na kinyozi wa hapo ng'ambo alikuwa ananyoa kwa mashine saa ileile. Kama umeme ulikuwepo mtaani na humu ndani haukuwepo, basi kuna mkono uliozima. Na huku mbele alikuwepo yeye na mteja mmoja tu, na mteja hakuinuka kwenye benchi."

Inspekta hakubisha. Hoja ilikuwa imesimama vizuri. Alirudi mlangoni.

"Mama, hawa ndugu waligombana nini?"

Mjane alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo kwao.

"Mama yao alipofariki, mume wangu alikuwa mbali, kazini. Alipiga simu, akasema nisubirini, kesho nafika. Shemeji hakusubiri. Alizika siku ileile. Mume wangu alifika akakuta udongo. Miezi mitatu sasa hawasemeshani. Pazia moja, choo kimoja, hawasemeshani. Mkasi ukianguka huku, yule kule anashtuka, lakini pole hasemi."

"Unadhani alimuua?"

"Mimi nataka aniambie kwa nini. Basi. Hayo mengine yenu."

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndefu, rafu mbili, na kompyuta moja ya mezani iliyolazwa ubavu karibu na ukuta. Mbele ya ukuta huo sakafu ilikuwa imefagiliwa. Juu ya meza kulikuwa na maneno mawili ukutani, kwa rangi nyeusi: CHOMOA KWANZA.

"Aliandika mwenyewe na hakufuata," Sajini alisema. "Plagi tuliikuta ukutani. Mafundi bwana."

Fundi Mita aliweka begi chini taratibu. "Sajini, huyu mtoto nilikaa naye miaka minne. Siku ya kwanza nilimpiga kofi la mkono kwa kugusa mashine yenye plagi. Hajarudia. Ukisema mzembe, sema mwingine."

"Basi plagi ilirudije ukutani, mama?"

"Ndicho tulichojia. Na sitagusa kitu mpaka swichi kubwa izimwe. Afande, nenda wewe. Ukishazima, usiondoke hapo."

Inspekta alikwenda chumba cha mbele. Swichi kubwa ilikuwa kwenye kisanduku ukutani, hatua mbili kutoka kwenye cherehani ya umeme. Chini ya sindano palikuwa na suruali ya kijivu, mguu mmoja umeshonwa nusu. Alishusha swichi. Feni ya dari ikazunguka mara chache, ikasimama.

"Umezima?" Fundi Mita aliita kutoka nyuma.

"Nimezima," Inspekta alijibu.

Kisha akabaki pale na mkono bado kwenye kisanduku. Alitoa daftari mfukoni, akaandika neno moja, akalitazama, akaandika lingine chini yake. Sajini alichungulia kwenye pazia.

"Vipi, afande?"

"Hakuna. Lete karatasi ya gundi."

Fundi Mita ndiye aliyeifunga swichi kwa gundi hiyo, mizunguko mitatu, akaandika juu yake MTU YUMO. "Swichi niliyoizimisha mimi, naiwashisha mimi," alisema. "Hata rais akija anataka kuchaji simu."

Waliporudi nyuma aligusisha kipimo chake kwenye tundu la soketi ya pili, iliyokuwa juu ya meza. Sifuri. Hapo ndipo alipopiga magoti nyuma ya meza, akashika plagi ya kompyuta, akavuta.

Plagi haikutoka.

Alivuta tena kwa kuipinda kidogo. Ilikaa kama jino. Akawasha tochi, akalala kifudifudi.

"Afande, njoo uone. Usiogope kuchafua suruali."

Inspekta alilala kando yake. Plastiki ya plagi ilikuwa imeyeyuka, ikaingia kwenye uso wa soketi, vitu viwili vikawa kimoja. Pembeni kulikuwa na alama za koleo, mtu alikuwa ameshajaribu kuing'oa.

"Soketi ilikuwa imelegea," Fundi Mita alisema. "Ikilegea inapata joto, kila siku kidogo. Siku pawa saplai ilipolipuka, ndiyo ikamalizia." Aligonga kasha la kompyuta kwa kidole, pale nyuma penye boksi dogo la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. "Nusa hapa."

Inspekta alinusa. Harufu ya kuungua, kali, kama nywele na samaki.

"Sasa niambie," aliendelea. "Wewe ni mtu wa kuchomoa kwanza. Plagi haichomoki. Utafanya nini?"

"Nitazima swichi kubwa."

"Na kama swichi iko chumba cha mtu mliyenuniana?"

"Nitalazimika kuuliza."

Fundi Mita alimulika soketi tena. Kifuniko chake kilikuwa na matundu mawili ya skrubu. Moja lilikuwa tupu. Kwenye skrubu iliyobaki, chuma kilikuwa na doa jeusi.

Juu ya meza kulikuwa na kifuniko cha chupa ya soda kilichopinduliwa. Ndani yake skrubu moja, ndefu, ya rangi ya dhahabu. Picha za Sajini zilikuwa nayo, lakini maelezo chini yake yalisema: skrubu ya kompyuta.

"Skrubu za kompyuta ni fupi na nyeusi," Fundi Mita alisema. "Na za hii zipo zote, hesabu. Nne, na vumbi kwenye vichwa. Hajaigusa. Alikuwa anafungua soketi ili aing'oe plagi. Aliweka ya kwanza kwenye kifuniko kama nilivyomfundisha. Ya pili ndiyo iliyomkuta."

Sajini alikuna kidevu. "Sawa. Alikufa kwenye soketi na si kwenye mashine. Kwa kaka yake hilo halibadilishi kitu. Swichi iliinuliwa akiwa ameshika."

"Kweli," Inspekta alisema. "Swali langu ni nani aliyeizima mwanzo. Fundi, boksi likilipuka namna hii, swichi kubwa inafanya nini?"

"Inaruka yenyewe, inakata umeme. Ndiyo kazi yake."

"Na ukiinua, mbona haikuruka tena?"

"Ngoja." Alikata waya wa plagi kwa koleo, akachomoa upande wa kompyuta. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, akakibonyeza, akahesabu kwa sauti mpaka kumi. "Hata ukichomoa, mashine inabaki na umeme ndani. Hii inaumaliza ule wa kwenye ubao mkuu, unaobeba vipande vyote. Wa ndani ya boksi hauishi hivi, unaweza kukaa siku nzima unakusubiri. Ndiyo maana boksi halifunguliwi. Likifa, linatolewa zima na kutupwa zima."

Aligusa chuma cha kasha kwa kiganja, kisha akafungua skrubu nne, akaziweka kwenye kifuniko kingine. Alichomoa nyaya za boksi, moja moja, akalitoa. Akaweka ncha za kipimo kwenye pini za nyuma. Kipimo kilinyamaza.

"Njia ya ndani imekatika. Lilipolipuka lilipiga shoti, swichi ikaruka. Hapohapo fyuzi ya ndani ikaungua. Kaka mtu alipoinua swichi, boksi lilikuwa maiti, halivuti tena. Kwa hiyo swichi ilishika vizuri."

"Na mtu alipopigwa?"

"Swichi hizi za zamani haziruki kwa ajili ya mtu, afande. Zinaruka kwa ajili ya waya."

Nje mjane alikohoa.

"Inawezekana," Sajini alisema mwishowe. "Inawezekana iliruka. Inawezekana pia aliizima yeye, na boksi lililipuka baadaye alipoinua. Mama, unaweza kuapa kipi kilitangulia?"

"Siwezi."

"Mnaona."

Inspekta aliitazama kompyuta. "Hii mashine ilikuwa inawaka ilipokufa?"

"Lazima. Boksi halilipuki hivi bila kazi."

"Inajua ilikufa saa ngapi?"

Fundi Mita alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ikifufuka itakwambia. Zinaandika kila kitu hizi, kama mke wa pili."

Alitoa pawa saplai nzima kwenye begi. Hakuifunga kwenye mashine. Kwanza aliiweka peke yake juu ya meza, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande kifupi cha waya ili iwake bila mashine, akavuta kebo ndefu kutoka kwa kinyozi wa ng'ambo ili swichi ya duka ibaki imefungwa. Feni ya boksi ilizunguka. Akapima: volti kumi na mbili, volti tano, sawasawa. Akachomoa.

"Kwa nini usiiweke tu?" Sajini aliuliza.

"Kwa sababu boksi likifa vibaya linaweza kuua na jirani zake. Nikiunganisha vyote pamoja na kimoja kina shoti, nimeua na hili. Unawaita mmoja mmoja, kama mashahidi. Wewe si polisi?"

Aliunganisha ubao mkuu peke yake, bila diski. Akawasha. Taa ndogo ya kijani, mlio mmoja. Akazima, akachomoa, akahesabu kumi. Akaongeza diski. Kila mara alichomoa, kila mara alihesabu. Sajini alitoka kwenda kuvuta sigara, akarudi, akamkuta bado anahesabu.

"Sasa naelewa kwa nini yule aliitwa Polepole," alisema.

"Mimi ndiye niliyempa hilo jina," Fundi Mita alisema, akageuza uso kwenye begi kutafuta kitu ambacho hakukitoa.

Kioo kiliwaka. Fundi Mita alifungua ukurasa wa kumbukumbu za mashine, akateremka, akasimama. Inspekta alilinganisha saa ya kompyuta na ya simu yake. Zilipishana sekunde chache.

Maandishi yalikuwa mafupi. Mashine ilizimika ghafla Jumanne, saa kumi na dakika saba jioni.

Inspekta aliandika. "Sajini, yule shahidi wako wa kwenye benchi, mwenye suruali, yuko wapi?"

"Mlinzi? Yuko nje toka saa tatu. Amekuja kudai suruali yake."

Mlinzi alikuwa mtu mrefu aliyevaa shati la kazini na suruali ya kuazima iliyoishia katikati ya muundi. Alisalimia, akaitazama suruali ya kijivu chini ya sindano.

"Ni ya kazi, afande. Ninayo hiyo moja. Bosi anasema mlinzi gani analinda miguu nje."

"Utaipata. Jumanne ulikuwa wapi hasa?"

"Hapa kwenye benchi. Nimejifunga shuka. Suruali kwa Chapchap."

"Unakumbuka vizuri?"

"Mtu aliyekaa dukani bila suruali anakumbuka kila kitu, afande. Kila anayepita unamkumbuka."

"Sajini alikuuliza ulichosikia. Mimi nakuuliza ulichokiona. Anza kabla hawajasemeshana."

Mlinzi alifikiri. "Nilikuwa naongea na bosi kwenye simu. Namwambia niko njiani. Naye anasikia cherehani inalia, ananiuliza hiyo njia ina cherehani? Hapohapo nikasikia mlio nyuma ya pazia, kama puto. Cherehani ikasimama. Bosi akasema ahaa, umesikia mwenyewe, umeshuka kwenye hiyo cherehani yako."

"Chapchap alikuwa wapi wakati mlio unatokea?"

"Kwenye kiti chake, mikono kwenye suruali yangu. Sindano ilibaki imezama, hiyo hapo. Hajaitoa mpaka leo."

"Nipe simu yako."

Orodha ilikuwa bado ipo. Jumanne, simu kwenda kwa bosi, imeanza saa kumi na dakika tano, imechukua dakika tatu. Inspekta alimwonyesha Sajini simu, kisha daftari. Saa kumi na dakika saba ilikuwa ndani ya simu ile.

"Huyu ni mteja wake wa miaka," Sajini alisema kwa sauti ya chini. "Watasema anamtetea."

"Watasema. Kompyuta je, nayo imeshonewa suruali?"

Inspekta alimgeukia mlinzi.

"Baada ya simu?"

"Nilikata. Pakawa kimya kama dakika mbili. Kule nyuma mtu anahangaika na kitu, anavuta, anaguna. Kisha ndiyo yule ndugu akauliza umezima? Chapchap akajibu umezima. Wala hakuinua kichwa. Nilishangaa, maana mtaa mzima tunajua hawaongei. Nikasema moyoni, leo kuna mvua."

"Halafu?"

"Halafu mimi nikaanza kumsumbua Chapchap." Mlinzi aliitazama miguu yake. "Nikamwambia kaka nachelewa, shona basi kwa ile ya mguu. Akasema ngoja, hii imeruka tu. Akaenda kwenye kisanduku. Tak, tak. Umeme ukarudi."

"Tak ngapi?"

"Mbili. Aliishusha kwanza, ndiyo akaipandisha."

Inspekta alimtazama Fundi Mita. Alikuwa amesimama kwenye pazia, kipimo mkononi.

"Ikiruka yenyewe inakaa katikati," alisema. "Ukiipandisha kutoka hapo haishiki. Lazima uishushe mpaka chini kwanza. Ukiizima kwa mkono inakuwa tayari chini, ni tak moja tu."

"Sajini, kwenye maelezo kuna hizo tak mbili?"

Sajini aligeuza ukurasa ambao hakuhitaji kuugeuza. "Alisema alishusha akainua. Niliandika aliinua. Nilifupisha."

Inspekta aliitoa sindano kwenye kitambaa kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, akaikunja suruali, akampa mlinzi.

"Haijaisha, afande."

"Tafuta fundi mwingine akamalizie."

Mlinzi aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga.

Chapchap aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa tisa alasiri. Alikuwa mtu mwembamba, na vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinapima ukingo wa meza, shubiri kwa shubiri. Sajini alikaa pembeni na kalamu.

"Umekula?" Inspekta aliuliza.

"Sina njaa, afande."

"Nina maswali machache. Mlio ulipotokea nyuma, uliusikia?"

"Niliusikia. Vitu vyake hulia mara nyingi. Swichi ikaruka."

"Nani aliizima?"

"Hakuna aliyeizima. Iliruka."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema umeme ulizima. Yeye," alimwonyesha Sajini kwa kidevu, "akasema mtaani haukukatika. Nikasema ndiyo, haukukatika, ulizima. Akasema ni kitu kimoja. Nikaona nimechoka." Vidole vilifika kona ya meza, vikarudi. "Na hata kama ni vitu viwili, aliyeinua ni mimi. Andikeni mnavyotaka."

"Kwenu mnatofautisha."

"Ukienda mtaa mzima tunasema umekatika. Ukianguka humu ndani tu, tunasema umezima. Tangu tulipopanga pale."

Inspekta alifungua daftari lake kwenye ukurasa wenye maneno mawili, akalilaza mezani. Nimezima. Umezima.

"Leo asubuhi niliombwa nizime swichi yako. Niliulizwa umezima? Nikajibu nimezima. Sikufikiri, lilitoka lenyewe. Wewe ulijibu umezima. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa umezima."

"Nini?"

"Umeme."

"Kwa hiyo ulisikia anauliza nini?"

"Anauliza kama umeme umezima. Yuko gizani, anauliza. Nikamjibu umezima. Nikamaliza shughuli ya uzi, yule bwana ananisumbua, nikaenda nikaurudisha. Kama siku zote. Ukiruka naurudisha mimi, kisanduku kiko kwangu."

"Hukujua ameshika soketi?"

"Ningejuaje? Huwa anachomoa. Toka nimjue anachomoa. Ameandika ukutani."

"Plagi yake ilikuwa imeyeyuka. Haikuchomoka."

Vidole vilisimama.

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alisubiri, lakini Chapchap hakuuliza. Ilibidi aendelee mwenyewe. Bila jibu la swali lililobaki, mdogo mtu aliuliza nini hasa, maelezo yasingekamilika, na yasipokamilika mtu huyu angepanda kizimbani kesho.

"Alihitaji swichi kubwa izimwe. Isiwe imeruka tu, izimwe na ibaki chini. Kwa hiyo aliuliza. Ulipojibu umezima, alijua amejibiwa. Akachukua bisibisi. Hakuwa anauliza habari za umeme, fundi. Alikuwa anakuuliza wewe. Wewe, umezima swichi?"

Chapchap alilitazama lile neno kwenye daftari. Alilitazama kama mtu anayetafuta mshono uliofichwa.

"Hakuniita," alisema.

"Najua."

"Angesema kaka. Zamani alikuwa hasemi kitu bila kaka. Kaka naomba uzi, kaka umekula, kaka umezima. Siku zote lilitangulia hilo. Angesema kaka ningesema nimezima, au ningesema bado, ngoja. Ningeinuka." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miezi mitatu hajanisemesha, afande. Nilidhani anauliza hewa. Anauliza ukuta. Nitajuaje anasema na mimi?"

"Usingejua."

"Nilimjibu nikadhani najibu tu. Nikafurahi kidogo, kuwa nimejibu na hakunitukana." Aligusa herufi ya kwanza ya lile neno daftarini. "Ile u ilikuwa mimi."

"Ndiyo."

Inspekta alivuta karatasi ya maelezo mapya. Aliandika taratibu, kwa herufi za kusomeka: mlio, cherehani kusimama, dakika, tak mbili. Alipofika kwenye jibu, aliandika: Nikajibu umezima. Akasimama, akachora alama ndogo kabla ya neno hilo, akaongeza juu yake: umeme. Nikajibu, umeme umezima. Ilichukua nafasi ya herufi tano.

"Shtaka la kuua halitasimama," alisema. "Nitamwona mkuu leo hii. Yaweza kubaki jambo la uzembe, sikudanganyi. Lakini kesho hupandi kwa kuua. Soma, kisha weka sahihi."

Chapchap alisoma mpaka mwisho. Hakuchukua kalamu.

"Shemeji yupo?"

"Yuko nje. Toka asubuhi anataka kujua kwa nini."

"Mtamwambia?"

"Itabidi."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alisoma karatasi tena, safari hii kwa kidole, akasimamisha kidole pale palipoandikwa: mdogo wangu aliuliza kutoka nyuma.

"Hapa pamepungua," alisema.

"Pamepungua nini?"

"Ulivyoandika ni kama aliuliza tu. Andika aliniuliza." Aliisukuma karatasi kuelekea kwa Inspekta. "Andika kwamba alinisemesha."

Inspekta alichukua kalamu, akaandika.